O imetoka wapi?

Mmeuliza wiki hii: "Kazi ya nani unaitumia kila siku bila kumtaja jina?" Swali limenikuta maabara, jibu likiwa mbele yangu mezani. Kigae cheupe, matone ya damu. Tone moja nalichanganya na dawa ya bluu, jingine na ya njano. Damu ikishikana vibonge kwenye bluu, ni A. Kwenye njano, B. Kote kuwili, AB. Isiposhikana popote, naandika O.

Wengi wangemtaja Karl Landsteiner, aliyetangaza makundi ya damu Vienna mwaka 1901. Anastahili. Mimi namtaja Ludwik Hirszfeld, Mpolandi, kwa sababu ya akina baba wanaorudi dirishani.

Wanarudi mchana, foleni ikishapungua. Mmoja alikuja na karatasi ya majibu aliyoikunja mara nne. "Dokta, mimi A, mama yake B. Hii O ya mtoto imetoka wapi?" Alikuwa ameshamrudisha mkewe kwao. Nikamwambia, kaka, kaa kwanza.

Swali lake lilikwisha kujibiwa Heidelberg, Ujerumani, mwaka 1910. Hirszfeld na Emil von Dungern walipima damu za familia 72, wazazi kwa watoto, wakaona kwamba A au B haimfikii mtoto isipotoka kwa mzazi. O ndiyo inayojificha. Baba wa A huweza kuwa amebeba O chini yake, mama wa B vivyo hivyo. Mtoto akizipata hizo mbili, ni O, na ni wao. Hata hiyo herufi O waliiweka wao. Landsteiner aliita kundi hilo C. (Baba wa AB akija na mtoto wa O, hapo mimi husema kipimo changu hakikutengenezwa kwa ajili ya kesi, nikampeleka kwa daktari.)

Wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, Hirszfeld na mkewe Hanna, daktari wa watoto, walikuwa Thessaloniki, Ugiriki, ambako majeshi yalikusanya watu wa kila rangi. Wakapima watu kama 8,000, na mwaka 1919 wakachapisha matokeo: makundi ni yaleyale kwa watu wote, ila A ilizidi kwa Wazungu na B kwa Wahindi. Katika kumbukumbu zake anasimulia kwamba Waingereza waliambiwa ni sayansi, nao Waafrika wakaambiwa kipimo kitaonyesha nani anastahili likizo. Wakanyoosha mikono. Hapo simtetei. Wala simtetei kwa kile kipimo cha mbari, cha kuwagawa watu kwa wingi wa A na B, walichokitunga kutokana na hesabu zile, maana huko Ujerumani walitokea watu wakakishika wapate kuthibitisha kwamba damu yao ni bora.

Kisha damu ikamgeukia yeye. Alikuwa amebatizwa Mkatoliki, lakini kwa Wanazi aliyezaliwa na Wayahudi ni Myahudi tu. Mwaka 1941 akaingizwa na familia yake geto la Warsaw, mtaa waliofungiwa Wayahudi. Mle ndani, homa ya chawa ikiua watu kila siku, akawa anafundisha vijana udaktari kwa siri. Walitoroka, wakaishi vijijini kwa majina ya bandia. Binti yao wa pekee, Maria, alifia mafichoni mwaka 1943. Baada ya vita mtu huyu alikwenda Wrocław, Poland, akarudi kwenye kazi ileile ya damu, safari hii damu ya mama inayopigana na ya mtoto tumboni, hadi alipofariki mwaka 1954.

Yule baba sikumsimulia hayo yote. Nilimchorea tu nyuma ya karatasi yake: A yenye O, B yenye O, mtoto O. Akaitazama, akaomba nigonge muhuri. "Mkwe wangu haamini maneno matupu," akasema. "Naenda kumchukua mke wangu leo."