Takwimu za China na za Kenya mbona hazilingani?

SWALI: Nalinganisha takwimu za China za mauzo yake Kenya na zile za Kenya za bidhaa ilizoagiza kutoka China. Zinapishana mno. Nani kakosea?

JIBU: Pengine hakuna. China huandika mauzo kwa bei ya bandarini kwake; Kenya huongeza bima na nauli ya meli, hivyo yake ndiyo ingepaswa kuwa kubwa. Ya China ikizidi, hapo pana jambo: mzigo wa Uganda unaopitia Mombasa, ambao China iliuandika kuwa wa Kenya, au ankara iliyopunguzwa kukwepa ushuru. Linganisha bidhaa mojamoja kwa tarakimu 6 za kwanza za msimbo wa forodha (namba inayotambulisha kila aina ya bidhaa), ambazo ni zilezile pande zote mbili. Zinazofuata kila upande una zake. Tumia wastani wa miaka 3, maana shehena inayoondoka Shanghai Desemba huingia Mombasa Januari.