Usianze na rangi: kuwatambua ndege wa ziwani na wa bustanini

Watu wakiniuliza juu ya ndege waliyemwona, huanza na rangi. "Ni mweusi, mdomo mweupe, nilimwona Naivasha. Ni nani?" Rangi inasaidia, sikatai. Lakini kukiwa na ukungu ziwani, au jua likiwa nyuma ya ndege, wote huonekana weusi. Mimi naishi kando ya Ziwa Naivasha, Kenya, na ushauri ninaompa kila anayeanza ni mmoja: kabla ya kufungua kitabu au simu, mtazame ndege kwa dakika chache uone anafanya nini. Anaeleaje? Anakula wapi? Akitaka kuruka, anaanzaje? Majibu hayo yatakupeleka karibu na jina lake kuliko manyoya.

Wachukue wale weusi wadogo walio majini pale ufuko wa Kamere. Kukuziwa mwenye paji jeupe ana vinundu viwili vyekundu juu ya paji, ila ukiwa mbali huvioni kabisa. Kinachomtambulisha ni kwamba hukaa kwenye maji ya wazi, kwa makundi, huzama kidogo na kuibuka na majani mdomoni, na wenzake humvamia wamnyang'anye. Ugomvi ukipamba moto hujirudisha nyuma na kupigana mateke. Akitaka kuruka, sharti kwanza akimbie juu ya maji huku akiyapiga kwa miguu, na kishindo chake husikika mbali. Ndugu yake mwenye paji jekundu hapendi uwazi: hujibanza kwenye kingo za matete, kichwa kikienda mbele na nyuma anapoogelea, na kila mara huchezesha mkia ukaona weupe chini yake. Kibisi ni mdogo kuliko wote, nyuma yake ni kama hakuna mkia. Huzama bila kelele, kisha huibuka mahali ambapo hukutarajia. Jike au dume akiondoka kiotani hufunika mayai kwa majani mabichi, kwa hiyo ukiona rundo la majani linaloelea, usilisogeze kwa kasia.

Mwenendo hukuonyesha hata yale usiyoyaona. Kukuziwa waliotawanyika wakijikusanya ghafla wakabanana, inua macho: mara nyingi kuna furukombe, yule tai wa ziwani, juu. Watu hudhani anakula samaki tu, kumbe hukamata na kukuziwa. Na mkiwasikia furukombe wawili wakiitana, sauti nyembamba ni ya dume, nzito ni ya jike, ambaye pia ndiye mkubwa wa mwili.

Kwa mabata, angalia wanavyokula. Wapo wanaoinamisha kichwa na kuacha makalio juu, kama yule mwenye mdomo wa manjano, na wapo wanaozama mwili mzima. Hapo tayari umeondoa nusu ya majina. Kuanzia Oktoba hadi Machi huongezeka wageni kutoka Ulaya na Asia. Miongoni mwao yumo bata mwenye mdomo uliotanuka nchani, ambaye huogelea kwa kuzunguka na wenzake ili kuyatibua maji, kisha huyachuja na kubaki na vidudu.

Bata bukini wa Misri anastahili maneno mengi zaidi, maana ndiye anayeingia hata kwenye nyasi za watu. Dume na jike wamefanana, wote wana doa la kahawia kuzunguka jicho. Wasikilize: jike hupiga kelele za kukwaruza, dume hutoa sauti ya pumzi, ya kuhema. Akinyoosha shingo na kufungua mabawa ukaona weupe wake, anakuonya, rudi nyuma. Huzaa sehemu za ajabu, mara nyingi juu ya mti au katika kiota kikubwa kilichoachwa na ndege aitwaye fundichuma. Ndiyo maana vifaranga vyake huruka kutoka juu vikiwa bado havijaota manyoya ya kurukia. Ni vyepesi, huanguka kwenye nyasi na kuinuka, na mama yao yuko chini anawaita. Nimeona watu wema wakiwakusanya kwenye sanduku wakidhani wametupwa. Waacheni, na mshikeni mbwa. Pia upo wakati bata hawa hubadilisha manyoya ya mabawa kwa pamoja, wakakaa wiki kadhaa bila kuweza kuruka. Hawajaumia. Wanachohitaji ni maji ya wazi pa kukimbilia, na boti zisiwafukuze.

(Na nyinyi wapenda alfajiri: kiboko hurudi majini saa hizo. Msipite kando ya matete kabla ya jua kutoka.)

Nyumbani, bustani inafundisha vilevile. Kuzumburu asubuhi huning'inia wakielekeza tumbo juani, na wakulima huwachukia kwa sababu ya matunda, lakini mkao huo ndio unaowatambulisha hata bila kuona mkia mrefu. Mnana dume hufuma kiota, jike huja kukikagua, na kikikataliwa dume hukibomoa mwenyewe na kuanza kingine. Kwa hiyo viota vilivyoanguka chini ya mgunga si lazima viwe kazi ya mtoto mtundu. Jueni pia kwamba madume wa baadhi ya mnana na wa chozi (yule ndege mdogo anyonyaye maua) hupoteza rangi zao nzuri msimu wa kuzaa ukiisha, wakafanana na majike. Anayetegemea rangi hapo atakwama.

Swali ninaloulizwa sana ni la chozi anayepigana na dirisha au kioo cha gari siku nzima. Si uchawi, wala si ishara kwamba mgeni anakuja. Anaona dume mwingine ndani ya eneo lake na anataka kumfukuza. Funika kioo kwa upande wa nje, kwa kitambaa au hata sabuni iliyopakwa, maana pazia la ndani halizuii mng'ao. Akimaliza kuzaa ataacha.

Kinda mwenye manyoya anayerukaruka chini mara nyingi hajapotea, wazazi wanamlisha. Ukimwona njiani, mweke kwenye kichaka kilicho karibu na paka wako mfungie ndani ya nyumba. Kumgusa hakutawafanya wazazi wamkatae. Mkate usimpe, ndege wa ziwani nao vilevile.

Atakayetaka kujifunza na wenzake, shirika la Nature Kenya lina matembezi ya kutazama ndege ya Jumatano asubuhi yanayoanzia Makumbusho ya Taifa, Nairobi, na kila Januari wanaojitolea huhesabu ndege wa majini kwenye maziwa ya Bonde la Ufa, Naivasha likiwemo. Huko utakaa na mtu anayemtambua bata kwa namna anavyopiga mabawa tu. Beba darubini, kofia na daftari, na uandike ulichomwona ndege akifanya kabla ya kuandika jina lake.