Kichocheo gani hicho kinachozuia?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa biolojia, Morogoro. Kitabu kimoja kinaziita peptidi (minyororo mifupi ya asidi amino, vijenzi vya protini) zinazotengenezwa na neva za ubongo "vichocheo vya ubongo", kingine "nyuropeptidi". Nifundishe lipi?

JIBU: Mwalimu, tahajia tuimalize haraka. "Nyuropeptidi" halina kasoro, linasomeka kama lilivyoandikwa. Mimi napenda zaidi "peptidi za neva", maana neva tumeizoea na mwanafunzi atajua papo hapo kitu hicho kinatoka wapi. Lililonisimamisha ni hilo "vichocheo". Limenikera miaka mingi.

Kuchochea ni kusukuma kuni mafigani ili moto uwake. Mchochezi huwasha ugomvi. Aliyeamulia ugomvi hajapata kuitwa mchochezi. Sasa tazama kazi za peptidi hizi. Haipothalamasi, sehemu ndogo iliyo upande wa chini wa ubongo, hutoa peptidi ya asidi amino 3 tu, nayo huiamuru tezi pituitari, iliyo chini yake, itoe homoni ya kuiamsha tezi ya thairoidi shingoni. Hapo sawa, moto umechochewa. Lakini haipothalamasi hiyohiyo hutoa somatostatini. Mwaka 1973, huko La Jolla, California, watafiti wa maabara ya Roger Guillemin walikuwa wakitafuta ndani ya haipothalamasi za kondoo kitu kinachoifanya pituitari itoe homoni ya ukuaji. Wakapata kinyume chake: peptidi ya asidi amino 14 inayoizuia homoni hiyo isitoke. Walitafuta kuni, wakakuta maji. Kongosho nalo huitengeneza somatostatini, na huko huizuia insulini inayoshusha sukari ya damu, huizuia na glukagoni inayoipandisha. Tumboni hupunguza asidi. Hata jina lake, lililoundwa kwa Kigiriki, lina maana ya kuusimamisha mwili. Halafu mtu anashika kalamu na kuandika "kichocheo"!

Nimewahi kumsikia mtaalamu redioni akieleza habari za "kichocheo kinachozuia kichocheo cha ukuaji". Nilizima redio. Mama aliyekuwa akimsikiliza huku anaosha vyombo, labda ana mtoto asiyerefuka, aliambulia nini?

Najua utetezi wa wanaosema "kichocheo". Mwanafiziolojia Mwingereza Ernest Starling alipolitumia neno homoni huko London mwaka 1905, alilitoa kwenye kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kusukuma, kuamsha. Waliolitafsiri homoni kuwa "kichocheo" waliifuata asili kwa uaminifu, nawaheshimu kwa hilo. Lakini neno halibaki limefungwa kitovuni. "Meli" tuliipata kwenye neno la Kiingereza la barua zinazosafirishwa, kwa kuwa vyombo hivyo ndivyo vilivyozileta. Leo meli ya mafuta inatia nanga Dar es Salaam bila bahasha hata moja, na bado ni meli. Homoni nayo imekwisha kuuacha nyuma Ugiriki wake.

Tena kuna kemia. Huko kichocheo ni kile kinachoharakisha mmenyuko bila chenyewe kwisha. Kijana anafundishwa hivyo saa mbili asubuhi, na saa nne wewe unamwambia insulini nayo ni kichocheo. Unamtaka awe na vichwa viwili.

Kwa hiyo sema homoni, na peptidi za neva. Inayoamsha iite "homoni chochezi", inayotuliza "homoni zuizi", kijana aione tofauti kwenye jina lenyewe. Kazi yao kwa jumla ni kuudhibiti mwili: maji, joto, njaa, ukuaji, maziwa ya mama. Kudhibiti kunabeba yote mawili, kuongeza na kupunguza.

Mwanafunzi akiandika "kichocheo" kwenye mtihani, usimkate alama. Kitabu ndicho kilichomfundisha. Mwandikie tu "homoni" pembeni, kwa kalamu nyekundu.