Kabla Hujalipa Cha Juu kwa Simu Iliyotoka Jana

Kila Septemba meseji zinaanza kuingia kabla hata Apple hawajamaliza kutangaza. "Kaka, ile mpya mtakuwa nayo lini?" "Nitunzie moja, hela ipo." Nauza simu Kariakoo, na zamani meseji kama hizo zilinifurahisha sana. Siku hizi kabla sijasema lini, namwuliza mteja kwanza: unaihitaji kwa kazi gani, na je, unaweza kuvumilia hadi Januari? Wengine wanahisi namfukuzia biashara jirani. Naomba nieleze, maana nilijifunza kuuliza hivyo baada ya kupoteza hela na nusura nipoteze jina.

Ilikuwa 2022. Septemba 7 Apple walitangaza iPhone 14, na Septemba 16 zikaanza kuuzwa, Dubai ikiwa kwenye kundi la kwanza. Huku kwetu Apple hawana duka lao wenyewe, kwa hiyo simu nyingi zinazofika mapema zinapitia Dubai, kwa wafanyabiashara wa Deira, mtaa wa biashara wa huko huko, ndipo zije kwetu. Bei ya 14 Pro Max kule Marekani ilianzia dola 1,099, ile ile ya 13 Pro Max mwaka uliotangulia. Dola wakati huo ilikuwa kama shilingi 2,330, kwa hiyo tunazungumzia milioni mbili na nusu na ushee, kabla ya kodi na usafiri. Ishike hesabu hiyo, kuna mahali tutaihitaji.

Wateja wangu hawakuitaka iPhone 14 ya kawaida. Na walikuwa na hoja: ilikuwa na chipu ya A15 iliyokuwa kwenye simu za mwaka uliopita, na mkato wa juu ya kioo ulikuwa ule ule. Pro ndiyo iliyokuwa na A16, kamera ya megapikseli 48 na kile kidude cheusi cha juu ya kioo kinachotanuka na kusinyaa. Tena waliitaka Pro Max, na katika Pro Max waliitaka ya zambarau. Unaona jambo lilivyo: dunia nzima inagombea aina moja, na ndani ya aina moja inagombea rangi moja. Hata kiwanda kikifanya kazi usiku na mchana, hapo lazima pawe na foleni.

Kumbe kiwanda chenyewe hakikuwa kinafanya kazi vizuri. Sehemu kubwa ya simu za Pro ilikuwa inaunganishwa Zhengzhou, China, kwenye kiwanda cha Foxconn chenye wafanyakazi wapatao 200,000. Mwishoni mwa Oktoba Uviko ulizuka humo, wafanyakazi wakafungiwa, na wengi wakatoroka. Picha za watu wakitembea kwa miguu barabarani na mashambani na mabegi yao, wakirudi vijijini, zilizunguka dunia nzima. Novemba 6 Apple wakatoa taarifa kwamba simu za 14 Pro na Pro Max zitapungua na wateja watasubiri zaidi ya ilivyotarajiwa. Wiki mbili baadaye zikatokea vurugu pale pale kiwandani, wafanyakazi wapya wakidai malipo waliyoahidiwa.

Mimi sikuwa nafuatilia habari za China. Nilikuwa nafuatilia bei za Deira kwenye magrupu ya WhatsApp, na bei zilikuwa zinapanda kila asubuhi. Nikaamini zinapanda kwa sababu simu ni nzuri.

Hapo ndipo nilipokosea. Simu ya Septemba na simu ya Novemba ni ile ile. Apple wenyewe hawakuongeza hata senti: dola 1,099 ilibaki 1,099 mwanzo hadi mwisho. Kilichopanda ni cha juu, yaani pesa tuliyokuwa tunapandishiana sisi wa katikati. Aliyepanga foleni dukani Dubai aliongeza chake, aliyekusanya mzigo Deira akaongeza chake, mimi nikaongeza changu, na winga aliyemshika mteja mkono pale barabarani akamalizia na chake. Mteja wa mwisho analipa mikono minne na anaambiwa hiyo ndiyo bei ya simu.

Mwanzoni mwa Novemba nilipokea advansi kwa wateja wanne. Mmoja wao simsahau. Alikuwa anataka kumpa mchumba wake zawadi siku ya sendofu, Desemba 10, akanilipa milioni mbili taslimu na kuniambia, "Kaka, nimeshamwambia dada yake, usiniangushe." Nikamjibu, "Bosi wangu, wiki mbili tu unayo mkononi." Sikuwa na sababu yoyote ya kusema wiki mbili. Niliyekuwa namtegemea Dubai aliniambia wiki mbili, nami nikayabeba maneno yake nikayauza kama yangu.

Wiki mbili zikapita. Yule wa Dubai akaanza kusema kesho, kisha akaacha kupokea simu. Mteja alikuwa anakuja dukani kila baada ya siku mbili, hafoki, anakaa tu kwenye stuli anatazama barabara. Kukaa kule kimya kuliniumiza kuliko kama angenitukana. Mwishowe nikatafuta mtu mwingine, nikanunua kwa bei ya dirham 600 juu ya bei ya dukani kwa kila simu, karibu shilingi laki tatu na themanini za wakati ule. Sendofu ikafanyika na zawadi ikiwa mezani, namshukuru Mungu. Ila kwenye simu zile nne sikupata faida, na mbili nililipia tofauti mfukoni mwangu, kwa sababu nilikuwa nimeshapokea advansi kwa bei ya kukubaliana.

Ningeishia hapo ingekuwa nafuu. Kwenye oda ile niliongeza simu sita za kuweka dukani, kwa imani kwamba zitapanda tena. Mbili zilitoka kabla ya Krismasi kwa faida nzuri, na faida ile ikanipumbaza, nikazishikilia nne zilizobaki. Desemba China ikalegeza masharti ya Uviko. Januari kiwanda kikawa kinakaribia uwezo wake wa kawaida, na Februari 2, 2023 Tim Cook, mkuu wa Apple wakati ule, akasema uzalishaji umerudi pale wanapotaka. Kila wiki mzigo mpya uliposhuka Deira, zangu zilipungua thamani zikiwa ndani ya boksi, sili haijaguswa. Ya mwisho niliiuza mwishoni mwa Februari chini ya bei niliyoinunulia.

Kwa nini inakuwa hivi karibu kila mara? Wanaoitaka simu kwa bei yoyote wananunua siku za kwanza. Ni wachache, lakini wote wanakuja kwa pamoja. Kiwanda nacho siku za kwanza ndipo kinapokuwa na mzigo mdogo, kwa sababu kipuri kipya bado hakijazoeleka na vinavyokataliwa kwenye ukaguzi ni vingi. Baada ya wiki nane hadi kumi na mbili wenye haraka wameshatosheka na kiwanda kimeshachanganya. Mahitaji yanashuka huku ugavi ukipanda, na cha juu kinakosa pa kusimama.

Ya 2022 ilikuwa na sababu kubwa kama ya Zhengzhou, ila hata mwaka usio na msiba mwendo ni huo huo. iPhone X ilifunguliwa kwa oda za mapema Oktoba 27, 2017, bei ikianzia dola 999, na ndani ya saa chache muda wa kusubiri ukafika wiki tano hadi sita. Watu walisema haitapatikana hadi mwaka mpya. Kabla ya Krismasi muda wa kusubiri ulikuwa umeshuka hadi siku chache tu. Aliyelipa cha juu mwanzoni mwa Novemba alilipia wiki sita za kutembea nayo peke yake mjini. Kama wiki sita hizo zina thamani hiyo kwako, lipa, ni haki yako. Mimi nataka tu ujue unacholipia.

Sasa, kuna njia rahisi ya kujua kama uhaba unaoambiwa ni wa kweli, nami naitumia kila mwaka. Fungua duka la mtandaoni la Apple la Falme za Kiarabu, chagua simu unayoitaka, ujazo na rangi, kama vile unanunua. Litakuonyesha tarehe ya kufikishiwa. Huhitaji kulipa chochote. Andika tarehe hiyo, rudia baada ya siku nne, rudia tena wiki ijayo. Tarehe ikizidi kusogea mbele, uhaba ni wa kweli na bei ya Kariakoo haitashuka karibuni. Ukiona muda unapungua, kutoka wiki nne hadi mbili, kutoka mbili hadi siku tano, usimlipe mtu yeyote cha juu, hata akikuapia. Huyo ana mzigo alionunua ghali na anatafuta wa kumwachia. Nayasema haya kwa sababu Januari 2023 huyo mtu nilikuwa mimi.

Jaribu pia kubadilisha rangi na ujazo. Mara nyingi uhaba uko kwenye rangi moja tu, na ukikubali nyeusi unapata kwa bei ya kawaida. Simu utaivalisha kava siku ile ile.

Wakati wa uhaba ndipo watu wanapouziwa visivyowafaa. Kuanzia iPhone 14, simu zilizotengenezwa kwa soko la Marekani hazina tundu la laini kabisa, zinatumia eSIM peke yake, yaani laini ya kidijitali iliyo ndani ya simu. Dada mmoja alikuja dukani akilia: alinunua Pro Max kwa mtu wa mtandaoni, nafuu kuliko kwetu sote, akafika nyumbani na laini yake akakosa pa kuiweka. Kabla ya kulipa ingia kwenye mipangilio, soma namba ya modeli, ukiona inaishia LL/A ujue ni ya Marekani, kisha waulize watu wa mtandao wako kama wanakupa eSIM na kwa utaratibu gani. Ikiwa ni ya Japani, ijaribu kamera kwanza, maana inaweza kulia kila ukipiga picha, hata msibani. Piga *#06# upate IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, itume kwenda 15090 kuikagua, na uilinganishe na iliyo kwenye boksi. Wanaokumbuka Juni 2016, TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, ilipozima simu bandia, wanajua kwamba hilo halina mjadala. Kisha ingiza namba ya serial ya kifaa kwenye ukurasa wa Apple wa kukagua waranti. Waranti ni ya mwaka mmoja, na simu ikiwa imeshawashwa na mtu mwingine, muda umeanza kuhesabiwa. Muuzaji akikataa usifanye hayo mbele yake, ondoka.

Ninapowaambia watu Januari, sababu si kiwanda tu. Januari kwetu kuna ada za shule na kodi za nyumba. Wafanyabiashara wanataka pesa taslimu, na waliojinunulia simu kwa mbwembwe Desemba wanaziuza zikiwa na wiki tano. Nimeshaona simu nzuri, betri asilimia 100, boksi na risiti vipo, ikiondoka kwa bei ambayo Novemba ungechekwa kuitaja. Subiri wiki ya pili ya Januari, uwe na hela mkononi, usionyeshe haraka.

Kama unachotaka ni simu nzuri na si lazima iwe mpya ya mwaka huu, basi hata Januari ni mbali. Siku Apple wanapotangaza mpya, ya kawaida ya mwaka uliopita hushushwa bei. iPhone 13 ilitoka dola 799 hadi 699 siku ile ile 14 ilipotangazwa. Pro ya mwaka uliopita mambo ni tofauti kidogo: Apple wanaacha kuiuza, hivyo zilizobaki madukani hazishuki haraka kama watu wanavyotarajia, hasa zile za ujazo mkubwa. Hapo tafuta iliyotumika vizuri kwa mtu unayemfahamu anayehamia mpya.

Kwa wenzangu wa fremu, hasa wadogo zetu wanaoanza: usipokee advansi kwa tarehe usiyoimiliki. Kama mzigo haujapanda ndege, mwambie mteja haujapanda ndege. Usifunge bei ya shilingi mapema wakati unanunua kwa dirham au dola. Wote tuliona 2023 dola ilivyoadimika na jinsi waliofunga bei mapema walivyoumia. Na ukishanunua kwa cha juu, uza haraka hata kwa faida ya elfu hamsini. Simu mpya ni kama samaki wa soko la Feri, asubuhi ana bei yake na jioni ana nyingine.

Yule mteja wa sendofu bado ananunua kwangu. Mwaka uliofuata alinipigia Oktoba akitaka mpya ya kwake mwenyewe. Nikamwonyesha tarehe kwenye ukurasa wa Dubai, wiki nne. Nikamwambia, "Bosi wangu, ukiitaka leo nitakutafutia, ila utalipa laki tatu zisizo za lazima." Akafikiri kidogo, akasema atapita baada ya sikukuu. Alipita Januari 12, akachukua ya ujazo mkubwa kuliko aliyoitaka mwanzo, na chenji ikabaki.