Hilux, inchi nne na vipande vya chuma

SWALI: Mhandisi, pole na kazi. Ninayo Hilux ya milango minne ya mwaka 2012, injini ya dizeli ya lita 3.0, ambayo ninaitumia kupeleka pampu na mabomba ya visima kutoka Karatu hadi Mang'ola, na mara nyingine hadi Engare Sero. Nyuma ninabeba takriban kilo 400, ndani tunakuwa watu wanne, na mbele nimefunga ngao ya chuma. Gari linagusa chini kwenye makorongo. Fundi mmoja ameahidi kulinyanyua inchi 4 kwa siku moja: mbele ataweka vipande vya chuma juu ya shokapu, na nyuma ataweka bloku chini ya springi. Rafiki yangu ananishauri ninunue seti kamili ya springi na shokapu ya Australia, lakini bei yake ni mara kadhaa ya ile ya fundi. Wapo wanaosema inchi 2 hazitoshi, na wapo wanaosema 3 ndizo sahihi. Nichague inchi ngapi? — Msomaji, Karatu.

JIBU: Ndugu msomaji, nakushukuru kwa kueleza kazi ya gari lako, kwa sababu wengi wanaoniuliza swali hili hawaelezi hata hilo. Hata hivyo, barua yako imetaja vimo vitatu tofauti na kuomba cha nne, ilhali uzito umeutaja kwa kupita tu, na nina hakika fundi wako hakukuuliza habari za kilo hata mara moja. Hilo ndilo kosa ninaloliona karibu kila wiki, nalo lina madhara kuliko ubovu wa kipuri chochote. Kimo si kitu kinachonunuliwa. Kimo ni matokeo ya springi fulani ikiwa imebebeshwa uzito fulani, na springi ile ile iliyoandikwa kuwa inanyanyua milimita 50 itanyanyua zaidi ya hapo ikiwa gari lako ni tupu, na itanyanyua pungufu au isinyanyue kabisa ikiwa umelijaza kupita kiwango ambacho springi hiyo iliundiwa.

Ndiyo maana watengenezaji wanaojiheshimu, kwa mfano wale wa Old Man Emu, chapa ya Australia ya springi na shokapu, hawauzi springi moja kwa kila Hilux. Kwa mbele huuliza kama gari lina ngao au halina, na kama ngao hiyo imebeba winchi. Kwa nyuma huuliza ni mzigo kiasi gani unaokaa humo siku zote, wala si ule wa siku moja ya kuhama nyumba. Ngao ya chuma peke yake inaweza kufikisha kilo 50 au 60, nazo zinaning'inia mbele ya ekseli, mahali ambapo kila kilo huielemea springi zaidi ya uzito wake halisi. Ukijumlisha ngao, watu wanne wa wastani na kilo zako 400, umeshavuka kilo 700 juu ya uzito wa gari tupu. Uwezo wote wa Hilux hukaribia tani moja, na katika matoleo mengi ya milango minne huwa pungufu ya hapo, kwa hiyo wewe huna pikapu ya kupambia barabara. Unalo gari la kazi ambalo springi zake za kiwandani, baada ya miaka hii yote, bila shaka zimelala, yaani zimepungua kimo, na huenda nusu ya tatizo la kugusa chini linatokana na kulala huko tu.

Kwa hiyo, kabla ya kumpa mtu yeyote fedha, lipeleke gari kwenye mizani. Si lazima iwe ile ya barabara kuu, kwani maghala makubwa ya nafaka huwa na mizani na kwa kawaida hayakatai mtu anayeomba kwa adabu. Pakia kama unavyopakia siku ya kazi, watu wakiwa ndani na tangi likiwa limejaa. Pima ekseli ya mbele peke yake, kisha ya nyuma peke yake, kisha gari zima. Linganisha jumla na uzito wa juu ulioandikwa na kiwanda katika nyaraka za gari au kwenye kibao chake, na ikiwa umeuvuka, hakuna seti ya kunyanyulia itakayokuokoa. Springi ngumu zaidi huzuia gari lisilale, lakini haziiongezei nguvu ekseli, beringi, breki wala chasisi. Chasisi za pikapu zilizopinda nyuma ya kabini nimeziona nyingi, na karibu zote zilikuwa zimefungwa springi nzito ambazo mwenye gari alizichukulia kuwa ruhusa ya kuongeza magunia.

Sasa nije kwenye kugusa chini, kwa sababu hapa pia upo uongo unaouzwa kwa bei nzuri. Ni nini hasa kinachogusa? Ikiwa ni difu ya nyuma (lile kasha la gia lililo katikati ya ekseli), kunyanyua springi hakuisogezi juu hata kwa unywele mmoja, maana difu hiyo imo ndani ya ekseli, ekseli imeshikwa na magurudumu, na magurudumu yamekaa juu ya ardhi. Kinachoinuka ni chasisi na bodi, yaani vitu vilivyo juu ya springi. Njia pekee ya kuipandisha difu ya nyuma ni tairi kubwa zaidi, na hapo unapata nusu tu ya tofauti ya kipenyo. Ukitoka kwenye tairi ya 265/65R17 kwenda 265/70R17, kipenyo kinaongezeka kwa takriban milimita 26, na difu inapanda kama milimita 13. Ukienda hadi 285/70R17, difu inapanda milimita 27 hivi, lakini mshale wa mwendo utakudanganya: ukionyesha 100, gari litakuwa linakwenda karibu 107, na gia zote zitakuwa ndefu kuliko zilivyopangwa. Ikiwa kinachogusa ni bampa la mbele unapoingia korongoni, au tumbo la gari unapovuka tuta, au bampa la nyuma unapotoka, hapo kunyanyua springi kunasaidia kweli. Nenda ukatazame mikwaruzo iko wapi. Ni kazi ya dakika tano chini ya gari, na sijui kwa nini watu huona rahisi zaidi kutumia mamilioni kuliko kulala kwenye vumbi kwa dakika hizo.

Kuhusu vipande vya chuma vya mbele, nitaeleza kwa kirefu kwa sababu ndivyo vinavyonikera kuliko yote. Kwenye Hilux yako, shokapu ya mbele imesimama ndani ya koili (springi ya kuzunguka), na kwa chini imeshika mkono wa chini, yaani chuma kinachounganisha gurudumu na chasisi, mahali palipo kati ya chasisi na gurudumu. Kwa kuwa haikukaa kwenye gurudumu lenyewe, kipande cha milimita 25 juu ya shokapu kinaweza kulinyanyua gari kwa karibu milimita 50. Fundi huifurahia hesabu hiyo, lakini hakuelezi upande wake wa pili. Shokapu ndiyo inayoamua gurudumu lishuke hadi wapi linapoingia shimoni. Ukiisukuma nzima kwenda chini, gurudumu nalo litashuka kupita mahali ambapo kiwanda kiliweka mpaka, na hapo jointi za shafti za mbele zinazunguka kwa pembe ambazo hazikuundiwa, boljointi ya juu (kiungo kinachoshika gurudumu kwenye mkono wa juu) inafika mwisho wa mwendo wake, na mkono wa juu unaweza kugonga koili. Gari likipigwa kwenda juu, shokapu ambayo sasa imeanzia chini zaidi inafika mwisho wa kubonyea kabla ya raba ya kuzuia (ile inayopokea pigo ili vyuma visigongane) kufanya kazi yake, na pigo lote linaingia katika fimbo na vali za shokapu. Kisha mwenye gari huja kulalamika kwamba shokapu za siku hizi ni feki kwa sababu zimevuja ndani ya miezi mitatu.

Sisemi kwamba kila kipande ni haramu. Kile chembamba cha milimita chache, kinachowekwa upande mmoja ili gari lililoinama lisimame sawa, ni kazi halali na mimi mwenyewe hukifunga. Ninachokikataa ni kutafuta inchi 4 kwa kipande. Kwa magari yenye mbele ya namna hii, milimita 50 hivi, yaani kama inchi 2, ndio mpaka wa busara kwa springi na shokapu peke yake, na ukitaka zaidi ya hapo unaingia katika kazi ya kubadilisha mikono ya juu, kushusha difu ya mbele na kurekebisha mambo mengine kadhaa, kazi ambayo haimaliziki kwa siku moja. Hata huko Australia zinakotoka seti hizi, katika jimbo kama Queensland mtu huruhusiwa kunyanyua milimita 50 kwa springi na 25 kwa tairi bila cheti cha mhandisi. Akizidisha, anatakiwa apate cheti.

Bloku za nyuma zina matatizo yao. Bloku haiongezi uwezo wa springi iliyochoka hata kidogo: ukipakia kilo 400, springi italala kiasi kile kile ilicholala jana, ila sasa imelala ikiwa juu. Tena kwa kuwa ekseli imesogezwa mbali na raba ya kuzuia, springi inaweza kupinda kupita kiasi kabla raba haijaigusa. Ukikanyaga mafuta mlimani, ekseli inajaribu kujiviringisha, na bloku ndefu inaipa wenzo wa kufanyia hivyo. Wapo wanaopanga bloku mbili, moja juu ya nyingine, na hao sina la kuwaambia. Kurefusha vyuma vinavyoning'iniza ncha ya nyuma ya springi nako hakuna unafuu, kwa sababu kunaigeuza pembe ya difu, na propela shafti, ile inayopeleka nguvu ya injini nyuma, inaanza kutetemeka.

Lakini jambo ambalo sijawahi kumsikia fundi wa barabarani akilitaja ni breki. Hilux nyingi za kizazi hicho, hasa zisizo na ABS (mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge unapofunga breki), zina vali ya breki za nyuma iliyounganishwa na ekseli kwa fimbo. Gari likibeba mzigo, chasisi inashuka kuelekea ekseli, fimbo inasogea, na vali inaruhusu nguvu zaidi ya breki nyuma. Gari likiwa tupu, vali inapunguza nguvu hiyo ili magurudumu ya nyuma yasijifunge. Ukilinyanyua nyuma bila kuirekebisha fimbo hiyo, vali itaamini kwamba gari ni tupu siku zote. Utashuka mteremko wa Rhotia na kilo zako 400 na watu wako wanne, nawe unategemea breki za mbele zaidi kuliko inavyopaswa. Mkague fundi yeyote kwa swali hili moja: fimbo ya vali utaifanyaje? Akikuuliza ni fimbo gani, chukua ufunguo wako uondoke.

Kwa gari lako, kama mizani itathibitisha uzito ulioutaja, mimi ningefunga koili za mbele zilizoundwa kwa gari lenye ngao, springi mpya kamili za nyuma za kubeba kati ya kilo 300 na 400 za kudumu, na shokapu nne zenye urefu na ugumu unaolingana na springi hizo, kwa unyanyuaji wa milimita 40 hadi 50, yaani usiozidi inchi 2. Usinunue springi leo ukasubiri shokapu mwakani, kwa sababu katika barabara ya changarawe yenye mawimbi shokapu ndiyo inayochemka, na ikishachemka springi mpya inabaki kurukaruka bila wa kuizuia. Yu-bolti, zile zinazofunga springi kwenye ekseli, ziwe mpya. Bolti za bushi (raba za kwenye viungo) zikazwe mwisho, gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, kwa sababu zikikazwa likiwa limening'inia kwenye jeki, raba zitakaa zimesokoteka siku zote na zitachanika mapema. Kagua kama mipira ya breki inavutika magurudumu yakining'inia. Fanya alaimenti (kupanga pembe za magurudumu) papo hapo, kaza tena yu-bolti baada ya kilomita 500, na urudie alaimenti springi zikishaketi. Usukani ukigoma kurudi wenyewe baada ya kona, usikubali kuambiwa kwamba utazoea.

Niongeze jambo kwa wasomaji wengine, hasa wanaonunua pikapu zilizokwisha kutumika, maana kazi mbovu haifi pamoja na aliyeifanya. Inauzwa pamoja na gari. Nimetoa chini ya magari vipande vilivyokatwa kwenye bomba la maji na kuchomelewa, springi zilizopashwa moto kwa gesi ili zipinde upya, na mabamba ya springi ya lori yaliyobanwa katikati ya springi ya Hilux. Chuma cha springi kilipata unyumbufu wake kwa kupashwa moto na kupozwa kwa vipimo. Ukikipasha tena kando ya barabara na kukiacha kipoe kwa upepo, umekirudisha kuwa chuma cha kawaida, nacho ama kitalala baada ya wiki chache au kitavunjika pale pale kilipochomwa. Lala chini ya gari kabla ya kulipia. Tafuta alama za kuchomelea karibu na shokapu na springi, rangi ya bluu au kijivu ya moto kwenye mabamba, bloku zaidi ya moja, buti za shafti zilizochanika, na fimbo ya vali ya breki iliyofungwa kwa waya. Hiyo ya waya nimeikuta mara mbili mwaka huu, na katika magari yote mawili muuzaji alikuwa amesifia jinsi gari lilivyo juu.