MDS si ya ukingo wa barabara, ni CDS

Mkuu, umesema MDS (Mobility Data Specification, kiwango cha kupanga data za usafiri) ndiyo ya kurekodi kanuni za ukingo wa barabara, pale magari yanaposimama kando. Hapana, haikuundwa kwa ajili hiyo. Hiyo ilianzia idara ya usafiri ya Los Angeles mwaka 2018, kufuatilia skuta na baiskeli za kukodi. Unayoitafuta ni CDS (Curb Data Specification, kiwango cha data za ukingo), iliyotoka 2022. Zote mbili ziko chini ya shirika la Open Mobility Foundation, ndiyo maana watu huzichanganya.

CDS ina sehemu tatu: ukingo wenyewe, matukio na takwimu. Ya kwanza ndiyo moyo wake. Kila kipande cha ukingo kinapewa utambulisho na mipaka yake kwenye ramani, halafu kanuni zinabandikwa juu yake: mathalani asubuhi kushusha mizigo, mwisho dakika 30, jioni maegesho ya kulipia, usiku marufuku kusimama. Kanuni zikigongana, namba ya kipaumbele ndiyo inayoamua. Nimeisoma CDS mwenyewe kwenye tovuti ya GitHub, iko wazi kwa yeyote.

Ila haitakupimia barabara. Kama vibao vya jiji havijawahi kuorodheshwa, utaanza na mtu wa kutembea mtaa kwa mtaa na futi kamba mkononi.