Vidole vya mchuma chai

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini mama yako, mchuma chai wa Mufindi, huchuma majani mawili na chipukizi bila kutazama, ilhali vidole vya miguu hawezi kuvisogeza kimoja kimoja. Mwaka 1937 madaktari wa upasuaji wa ubongo Penfield na Boldrey, waliogusa ubongo wa wagonjwa kwa umeme hafifu, walionyesha kwamba katika eneo linaloamuru misuli, mkono na uso vimepewa nafasi kubwa kuliko kiwiliwili kizima. Kabla kidole hakijafika kwenye jani, sehemu iliyo mbele ya eneo hilo huwa imekwisha kupanga mkono uelekee wapi na vidole vifunguke kiasi gani. Mazoezi ya miaka huunoa mpango huo, na ustadi wa mama yako unastahili heshima kubwa.